Mwache, Mwache, Mwache

Harusi ya binamu yangu ilifanyika Nanighi, jenereta ikinguruma nyuma ya nyumba, spika mbili juu ya mkokoteni. DJ nilikuwa mimi. Kwenye simu nilikuwa na sauti ya marehemu bibi, niliyoirekodi akimuimbia bi harusi mwingine. Wasia wa kawaida: vumilia, mheshimu, usimwache.

Nikaiwekea biti, nikakata besi, na lile neno lilipofika nikazungusha kitufe cha eko. Nilichelewa kidogo tu. Eko hurudia ilichodaka, na yangu ilidaka mkia. Spika zikajaa: mwache, mwache, mwache. Vijana wakapiga kelele, wasee wakainua simu. Nami nikairudisha nyuma, nikaipiga tena vilevile.

Mama mkubwa akaja hadi mezani. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, mama yangu hakusema hivyo."

Wiki nzima nilijitetea kichwani. Kingston, Jamaika, miaka ya 1970, King Tubby, aliyekuwa fundi wa vyombo vya umeme, alifuta maneno ya waimbaji na kuacha vipande vikielea ndani ya eko. Hiyo ndiyo dabu. Dar es Salaam, watu wa singeli walichukua vipande vya taarabu wakavikimbiza, siku hizi hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika. Kama kila mwenye sauti angeombwa ruhusa kwanza, muziki huo tungeupata wapi? Halafu, utotoni tuliita majina yetu ndani ya tangi tupu, likaturudishia mkia tu. Hakuna aliyelilaumu tangi.

Lakini tangi halichagui. Mara ya kwanza hata mimi sikuchagua, kidole kilichelewa. Mara ya pili nilijua neno limegeuka, nikalirudia kwa sababu lilishangiliwa.

Tena kuna jambo nililokuwa nalikwepa. Dabu kwa kawaida ilikaa upande wa pili wa santuri. Wimbo mzima ulikuwa upande wa kwanza. Msikilizaji aliweza kugeuza na kulinganisha. Bibi hana upande wa kwanza. Wengi wa waliocheza usiku ule hawakuwahi kumsikia, na sasa wanamjua kwa neno ambalo hakulisema.

Binamu yangu mwingine, msichana, aliniambia akicheka: "Lakini si huo ndio wasia tunaouhitaji?" Huenda ni kweli. Nimeona ndoa ambazo "vumilia" ilizigeuza kuwa jela. Ila kama tunataka kusema "mwache", tuseme sisi, kwa midomo yetu, tubishane na bibi waziwazi. Kumkata marehemu ulimi ili akubaliane na sisi si kubishana naye.

Mwezi uliofuata nilimpigia mama mkubwa nikamuuliza kama niifute ile rekodi. Akanyamaza kidogo.

"Usifute. Hata hiyo eko yako tia," akasema. "Ila asikike kwanza."