Kiasi na Lawama

Mwili ni nyumba ambayo mtu hakuijenga, lakini hana budi kuitunza mpaka siku ya kuihama. Hakuchagua kimo chake, wala mifupa yake, wala tumbo alilorithi kwa wazee wake. Walakini kila siku huchagua kama tonge la mwisho litiwe kinywani au libaki katika sahani. Kati ya mambo hayo mawili, lile alilopewa na lile analolitenda, limesimama swali ambalo watu hulijibu kwa haraka na kwa ukali. Je, mtu mnene astahili lawama kwa unene wake? Na yule aliyepunguza mwili wake kwa mlo bora na mazoezi, astahili sifa ya mtu mwema? Swali hili huonekana dogo kwa sababu ni la tumbo. Kwa hakika ni swali la uhuru wa nafsi na mipaka yake.

Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani, alilitolea hukumu katika kitabu chake cha maadili. Alisema kuwa hapana amlaumuye mtu kwa ubaya wa umbo aliozaliwa nao, lakini hulaumiwa yule ambaye umbo lake limeharibika kwa kukosa mazoezi na matunzo. Kadhalika aliyezaliwa kipofu huonewa huruma, lakini aliyepofuka kwa ulevi hulaumiwa. Hukumu hiyo ni nyepesi kueleweka, na ndiyo inayotawala vinywa vya watu wengi hata leo. Lakini mwanafalsafa huyo huyo, katika kitabu hicho hicho, alifundisha jambo jingine ambalo wenye kulaumu hulisahau. Alisema kuwa kiasi si kimoja kwa watu wote. Kama vipimo kumi vya chakula ni vingi na viwili ni vichache, mwalimu wa mieleka haamuru vipimo sita kwa kila mtu. Maana sita ni vichache kwa Milo, bingwa wa mieleka, na ni vingi kwa mwanafunzi aliyeanza jana. Basi ikiwa kiasi cha mtu na mtu hutofautiana, mpita njia atajuaje kuwa huyu amekivuka kiasi chake? Jicho huona kitambi, halioni juhudi.

Shahidi mwema wa jambo hili ni William Banting, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1796 na kufa mwaka 1878. Alikuwa mtu wa heshima katika jiji la London, wa ukoo uliofanya kazi ya kutengeneza majeneza na kusimamia mazishi ya watu wakubwa. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mlafi kwa kipimo cha wenzake. Walakini alinenepa mpaka akashindwa kufunga kamba za viatu vyake, na akalazimika kushuka ngazi kinyumenyume ili kuyaokoa magoti yake. Mwezi wa Agosti 1862, alipokuwa na kimo cha futi 5 na inchi 5, alikuwa na uzito wa ratili 202, yaani kilo 92 hivi. Alieleza kuwa mtu wa hali yake hawezi kukosa kuumizwa na kejeli za watu katika mikutano, katika magari ya abiria na njiani. Kwa hiyo alianza kujitenga na mahali penye watu.

Jambo la kutazamwa hapa ni kuwa Banting alikuwa amejaribu kwa miaka mingi. Alikwenda kwa waganga wenye sifa. Alitembea, alipanda farasi, alikoga baharini, alikaa katika mabafu ya mvuke ya Kituruki, alimeza dawa za kila namna. Aliambiwa apige makasia, naye akapiga makasia saa nzima nzima alfajiri. Misuli yake ikapata nguvu, lakini njaa yake ikapata nguvu zaidi, na uzito ukarudi. Mwisho alimwendea daktari William Harvey kwa ajili ya masikio yake yaliyokuwa yakipoteza usikivu, na daktari huyo akamwonyesha kuwa shina la taabu lilikuwa katika mlo. Alikatazwa mkate, siagi, maziwa, sukari, bia na viazi, vitu ambavyo yeye alividhani kuwa havina dhara. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi alipungua ratili 46, akafikia 156. Mwaka 1863 aliandika habari zake katika kijitabu, akakichapisha kwa fedha zake mwenyewe, na nakala za kwanza alizitoa bure.

Kwa wenye kulaumu, habari hizi zina mtego. Banting wa mwaka 1861 na Banting wa mwaka 1863 hawakuwa watu wawili. Nia ilikuwa ile ile, saburi ilikuwa ile ile, aibu ilikuwa ile ile. Lililozidi lilikuwa maarifa. Kama alistahili lawama alipokuwa mnene, basi alilaumiwa kwa kutojua jambo ambalo waganga wake wenyewe hawakulijua. Na kama alistahili sifa alipopungua, sehemu kubwa ya sifa ilikuwa ya daktari aliyemfumbua macho. Haifuati kwamba mlo wake ni sheria kwa walimwengu wote. Elimu ya leo imeonyesha kuwa milo ya namna mbalimbali huweza kupunguza mwili, na kwamba mlo bora kwa mtu ni ule anaoweza kudumu nao. Hapo tena kiasi kimerudi kuwa cha mtu na mtu.

Habari za makasia ya Banting zimepata maelezo katika zama hizi. Mwaka 2012, Herman Pontzer na wenzake walitangaza matokeo ya uchunguzi wao miongoni mwa Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, ambao hutembea mwendo mrefu kila siku. Ilidhaniwa kuwa miili yao huunguza chakula kwa wingi kupita miili ya watu wa mijini Marekani na Ulaya. Walipopimwa, na ukubwa wa miili ulipofanyiwa hesabu, ikaonekana kuwa jumla ya nguvu wanayotumia kwa siku haina tofauti kubwa na ya watu hao wa mijini. Mwili ni mweka hazina mwenye hila: unapotozwa sana upande mmoja, hubana matumizi upande mwingine. Kwa sababu hiyo mtu akimbiaye kila asubuhi asipoona mizani ikishuka si lazima awe mwongo.

Lakini asiharakishe kuvua viatu. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza uchunguzi juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa katika kiti. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa akikata tikiti. Makondakta waliugua maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na iliendelea kuonekana kuwa hata kondakta mnene alikuwa na salama kuliko dereva wa unene kama wake. Mazoezi, basi, yana ujira wake hata pale yasipopunguza kiuno. Anayeyapima kwa mizani peke yake huidhulumu faida yake. Anayemcheka mtu mnene akimbiaye njiani humcheka mtu katika tendo lile lile analomlaumu kwa kutolitenda.

Hapana budi kuitazama na njaa yenyewe, maana aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, vijana 36 waliokataa kubeba silaha kwa ajili ya dhamiri zao walijitolea kushindishwa na njaa, ili elimu ipatikane ya kuwasaidia wahanga wa vita. Ancel Keys alisimamia kazi hiyo. Katika mwaka 1945, kwa muda wa miezi 6, walipewa takriban nusu ya chakula chao cha desturi na kutakiwa kutembea kila juma, mpaka wakapoteza robo ya uzito wao. Walikuwa watu wa nia thabiti kuliko wengi wa zama zao. Walikuwa wameistahimili dharau ya taifa zima kwa ajili ya imani yao. Hata hivyo walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi kama watu wasomao riwaya, kuwa wepesi wa hasira na kuona baridi wakati wa joto. Mlango wa chakula ulipofunguliwa, wengi wao walikula bila kutosheka. Hivyo ndivyo mwili unavyoipigania akiba yake, na hauulizi tabia ya mwenyewe. Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha matumizi ya dawa ya semaglutidi kwa kupunguza uzito, na wengi walioitumia wameona njaa yao ikinyamaza. Dawa hiyo haimfundishi mtu maadili. Basi kilichonyamazishwa kwa sindano hakikuwa dhambi.

Katika Afrika ya Mashariki jambo hili lina sura yake. Lugha yenyewe imekwisha toa hukumu. Aliyenenepa husemwa amenawiri, na kitambi kwa muda mrefu kimekuwa cheti cha cheo. Aliyepungua husemwa amekonda, na neno hilo hufuatwa na swali: ana nini? Swali hilo lilizidi makali katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoenea Uganda na kwa watu wengine ukaitwa jina la wembamba. Tangu hapo kupungua kulitiliwa shaka. Mtu anayefuata shauri la daktari hupambana na tumbo lake, kisha hupambana na majirani wanaomhurumia kwa maradhi asiyokuwa nayo. Naye aghalabu hali peke yake. Sinia ni moja, mpishi ni mmoja, na mgeni anayekataa kuongezewa wali huonekana amedharau mkono uliompakulia. Hata katika mwezi wa Ramadhani, ambao hufunza kujizuia mchana, futari na daku huweza kurudisha usiku yote yaliyoachwa na jua. Kuushinda mlo katika hali hiyo si vita ya mtu mmoja na nafsi yake; ni mashauriano ya nyumba nzima. Mke akikataa kupunguza mafuta, au mume akinuna kwa kukosa chapati, nia ya mwenzake itadumu kwa siku ngapi?

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa lawama imeondolewa, je, wajibu nao haukuondoka? Mtu mvivu hatapata hapa mto wa kulalia? Hapo ndipo penye kosa kubwa la pande zote mbili, ya wenye kulaumu na ya wenye kujisamehe. Wote hudhani kuwa lawama na wajibu ni kitu kimoja, nao si kimoja. Mkulima hadaiwi mvua, lakini adaiwa jembe. Mavuno yakiwa haba, hakuna mwenye akili amwitaye mwovu; lakini asipolima, hawezi kuisingizia mbingu. Mtu naye adaiwa kile kilicho mkononi mwake: kujua kinachomdhuru, kukipunguza, kuutembeza mwili wake. Jembe hilo halilimi bure. Mwaka 2002 ulitangazwa uchunguzi mkubwa wa Marekani juu ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa ugonjwa wa kisukari. Sehemu moja yao walikusudia kupunguza angalau asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi dakika 150 kwa juma. Hatari ya kuugua ilipungua kwa asilimia 58, kupita hata faida waliyoipata wenzao waliopewa dawa. Lakini watu hao hawakuachwa peke yao. Kila mmoja alikuwa na mwalimu wa kumfundisha na kumtia moyo. Walitimiza wajibu wao kwa sababu kuna waliotimiza wajibu kwao.

Kwa hiyo sifa na lawama hazina budi kuhama mahali zilipozoea kukaa. Sifa isiwe ya kilo zilizopotea, ambazo miili huzitoa kwa upendeleo, huyu nyingi na huyu chache kwa taabu ile ile. Iwe ya saburi. Aliyepungua kilo 2 kwa mwaka wa jitihada huenda amefanya kazi kubwa kuliko aliyepungua 20. Na lawama, kama lazima iwepo, imwangukie mwenye kudhihaki. Kwa kuwa yeye hana njaa inayomsukuma kutamka neno lake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2022 mtu mmoja katika kila wanane duniani alikuwa na unene wa kudhuru. Jambo lililoenea kiasi hicho haliwezi kuelezwa kwa kusema kuwa wanadamu wameharibika tabia kwa ghafla.

Hatari ya mwisho humkabili aliyefaulu. Ushindi juu ya mwili huzaa kiburi upesi, na aliyepungua jana huwa hakimu mkali wa mnene wa leo, kana kwamba amesahau ngazi alizoshuka kinyumenyume. Banting hakuwa hivyo. Alipopata nafuu hakuwasuta waliobaki nyuma. Aliandika alichokula na alichokiacha, akawapa watu bila thamani, ili mwenye shida kama yake ajaribu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini aliyekilalia na akaamka ana deni kwa aliyelala bado. Deni hilo hulipwa kwa maarifa na msaada, halilipwi kwa kidole cha kunyooshea.