Kuachana kwa Wema



Miongoni mwa mambo yanayotusikitisha katika miji yetu ni namna watu wanavyoachana. Talaka imehalalishwa kwa dharura. Lakini kutukanana, kufichuliana siri na kunyang'anyana watoto hakukuhalalishwa kabisa. Mume hughadhibika akatamka talaka tatu kwa mpigo, na kwa kauli ya maimamu wanne akawa amejifungia mlango wa kurejea. Mke hutolewa nyumbani usiku huo huo, kisha asubuhi ndipo wazee wakaitwa. Huko ni kumwita tabibu baada ya maziko.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura An-Nisaa, aya ya 35, kwamba tunapochelea mfarakano baina ya mke na mume, tupeleke mwamuzi katika jamaa za mume na mwamuzi katika jamaa za mke. Zingatieni: amri yaja wakati wa kuchelea, si baada ya nyumba kuvunjika. Na waamuzi hawa si mawakili wa ugomvi. Wa upande wa mke hakutumwa kumtetea binti yao kwa haki na batili, wala wa upande wa mume hakutumwa kumsitiria kijana wao dhulma yake.

Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya uwezo wao. Kwa Imamu Malik hukumu yao hupita, wakiunganisha au wakitenganisha. Ama katika kauli yenye nguvu ya madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na wengi katika pwani yetu, wao huwakilisha tu: hawawezi kutoa talaka ila kwa idhini ya mume, wala kutoa mali ya mke ili ajikhului ila kwa ridhaa yake. Basi idhini hizo na zitakwe mbele ya mashahidi kabla kikao hakijaanza, ili kesho pasiwe na mwenye kukana.

Wako wadhanio kwamba suluhu ni kurudiana tu, na kwamba wazee wakitoka na watu wameachana, basi wameshindwa. Sivyo. Barira, alipoachwa huru katika utumwa, alichagua kumwacha mumewe Mughith, naye Mughith akawa akimfuata katika njia za Madina huku machozi yamtiririka ndevuni. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimsemea kwa Barira amrudie. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Mtume akamjibu kwamba yeye ni mwombezi tu. Barira akakataa, wala Mtume hakumlaumu. Ikiwa Mtume hakumlazimisha, sisi tuna haki gani ya kumlazimisha binti yetu arudi kwa kuchelea maneno ya watu?

Kushindwa hasa ni kuwaacha watu watengane kwa dhulma, au kumwacha mke akaning'inia, si mwenye mume wala si mjane. Basi ikiwa hapana budi, wasuluhishi wasiondoke mpaka haya yamekwisha: mke wa talaka rejea akae eda nyumbani mwake na alishwe, mahari yake asinyang'anywe kwa hila wala kwa kutishwa, apewe mut'a, yaani tuzo ya kumliwaza, na watoto ijulikane watakaa wapi, nani atawalisha, na mzazi wa pili atawaona lini. Sura Al-Baqara, aya ya 233, yakataza mama adhuriwe kwa sababu ya mwanawe, na baba vilevile. Mapatano hayo na yaandikwe, yashuhudiwe, kisha yapelekwe kwa Kadhi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, yampa Kadhi mamlaka juu ya ndoa na talaka za Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye, na kifungu cha 159 chahimiza suluhu na upatanishi.

Enyi waume, msiifanye talaka kuwa silaha. Enyi wake, msiwafanye watoto kuwa kisasi. Nanyi wazazi, msichochee moto msiolala karibu nao. Katika Sura An-Nisaa, aya ya 130, Mwenyezi Mungu amewaahidi wanaotengana kwamba atamtosheleza kila mmoja kwa wasaa wake. Basi aliyeahidiwa hayo ana haja gani ya kumdhulumu mwenziwe?

Wabillahi tawfiq.