Fedha Itumwayo Nyumbani, na Mtu Asiyekwenda

Twataka kuwaza pamoja na wasomaji wetu juu ya jambo moja liwasumbualo watu wa umri wetu, yaani wale waliokwisha pita ujana, wala hawajaufikia uzee. Mtu wa makamo husimama katikati. Upande mmoja wako wazazi ambao nguvu zao zinapungua, na upande wa pili wako watoto ambao nguvu zao hazijatosha, na wote humtazama yeye. Kazi yake iko mjini au katika wilaya ya mbali, na kufika kwao ni safari ya siku nzima au zaidi. Basi swali letu ni hili: mtu akipeleka fedha kwao kila mwezi, wala asiende mwenyewe, je, amekwisha lipa deni lake? Fedha yaweza kusimama mahali pa mtu?

Kwanza tuwasikilize wale wasemao kwamba yaweza, maana si wajinga wala hawana moyo mgumu. Wao husema: mama hali salamu. Bati halinunuliwi kwa mazungumzo, wala dawa haitolewi kwa kukumbatiana. Mwalimu mwenye mke na watoto wanne, akitaka kuwachukua wote mpaka kwao, nauli ya kwenda na kurudi peke yake ingenunua mahindi ya kumlisha mama yake miezi mingi. Je, ni hekima kumpa mwenye gari fedha ambayo ingekuwa chakula cha mzazi? Tena mithali yasema, Mkono mtupu haulambwi. Aendaye nyumbani hana kitu huongeza vinywa vya kulishwa, na siku ya kuondoka baba huuza kuku ili mwanawe apate nauli. Hoja hizi zina nguvu, wala hatutazipuuza.

Walakini, kabla ya kukata shauri, yafaa tuangalie jinsi swali lenyewe lilivyozaliwa, kwa sababu babu zetu hawakuwa nalo. Tutwae mfano wa njia ya kutoka pwani kwenda Unyamwezi. Katika karne ya kumi na tisa Wanyamwezi wengi walikuwa wapagazi mashuhuri, wakichukua pembe na bidhaa nyingine kati ya bara na pwani. Wazungu wawili, Burton na Speke, waliofuata njia hiyo, waliondoka pwani mwezi wa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na Tabora ya sasa, mwezi wa Novemba. Mpagazi alipokea ujira wake kwa nguo na shanga, akarudi kwa miguu yake mwenyewe. Nguo ya merikani haikuweza kufika kwa mamaye pasipo mtu wa kuichukua, na mtu huyo mara nyingi alikuwa ni yeye mwenyewe. Zawadi na mwenye zawadi walisafiri njia moja, wakaingia kwa mlango mmoja. Hakuna aliyeuliza ni kipi kilicho bora, kwa maana vyote viwili vilikuja pamoja.

Kisha njia ikafupika. Reli ya kati ilianzwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, ambako ni mwendo wa kilometa kama 1,250 kutoka pwani. Safari ya miezi ikawa safari ya siku moja au mbili. Pamoja na reli ikaja posta, na hawala ya posta, na ndipo kwa mara ya kwanza fedha ya mtu ilipoanza kusafiri peke yake, naye akabaki kazini. Hata hivyo hawala ilikuwa na taabu zake, kwa kuwa mzee alipaswa kwenda mpaka posta ya wilaya. Katika zamani zetu hizi hata taabu hiyo imeondoka. Mwaka 2007 katika Kenya, na mwaka 2008 katika Tanzania, ulianza utumaji wa fedha kwa simu ya mkononi, na sasa mtu aliyeketi Kariakoo aweza kumpelekea mamaye fedha kijijini kabla chai yake haijapoa.

Twaona basi kwamba vitu viwili vilivyokuwa kimoja vimetengana. Tena si ajabu kwamba kile kilicho chepesi ndicho kiendacho zaidi. Mwisho wa mwaka 2009 na mwanzo wa mwaka 2010 mafuriko yalipovunja reli kati ya Kilosa na Gulwe, watu na mizigo ya treni walizuiwa, bali fedha ya simu ilipita juu ya maji bila kulowa. Hayo yalikuwa msaada mkubwa kwa waliokuwa na haja. Lakini mtu akiisha kuona kwamba fedha hupita palipo na maji na palipo pakavu sawasawa, huanza kusahau kuuliza kama njia ya watu imekwisha tengenezwa.

Sasa tuulize: kuna nini katika kufika kwa mtu ambacho hakimo katika fedha yake? Sisi twaona mambo matatu.

La kwanza ni macho. Mwalimu mmoja mwenzetu alikuwa akimpelekea mamaye fedha kila mwisho wa mwezi, bila kukosa, naye humpigia simu kila Jumapili. Akiuliza habari, mama hujibu kama wajibuvyo wazee wote wa kwetu: Sijambo, mwanangu, ni wewe tu na watoto. Ilipofika likizo ya Juni akaenda. Jioni ya kwanza alimwona mama akimimina maji kando ya kikombe. Asubuhi akamwona akimwita mtoto wa jirani amtungie uzi katika sindano, na kuku akipita mlangoni, mama akamkaribisha akidhani ni mjukuu. Watu walicheka, na mama alicheka pamoja nao. Lakini mwenzetu hakucheka. Kumbe ni mtoto wa jicho, ugonjwa ambao waganga wa hospitali huutibu kwa kupasua, na watu wengi sana huona tena. Fedha ya matibabu ilikuwapo tangu zamani, imefungwa katika kitambaa chini ya kitanda, kwa maana mama alikuwa akiiweka akiba apate kununua bati. Hakukosekana fedha, wala hakukosekana upendo. Palikosekana mtu wa kuona. Mzazi mwenye heshima hataji maradhi yake katika simu, asije akaonekana anaomba. Fedha humpatia mtu kile alichokitaja, na wazee wetu hawataji kila kitu.

La pili ni kumbukumbu. Jambo hili twalisema kwa uangalifu, kwa sababu kumbukumbu ni kitu kizuri, na wengi wetu huishi kwa hiyo tulipo ugenini. Tukikaa mjini jioni twakumbuka harufu ya moshi wa miombo, na mama akichekecha unga, na baba akitutangulia katika njia ya shule asubuhi na mapema, umande umelowesha miguu yake, nasi tukikimbia ili tusiachwe. Lakini kumbukumbu haizeeki. Baba yule atembeaye mbele yetu ana miaka arobaini siku zote. Kila mwaka tusipokwenda, twazidi kumpenda yule, na yule mwingine, mwenye mwili, azidi kuwa mgeni kwetu. Tulipokwenda kwetu mara ya mwisho, tulitembea naye katika njia ile ile. Safari hii yeye ndiye aliyekuwa nyuma. Tulipofika penye miembe alisema, Tupumzike kidogo, nanyi mmechoka kwa safari. Hatukuwa tumechoka. Tuliketi naye muda mrefu, akatuonyesha mpaka wa shamba, na mahali alipozikwa shangazi yetu, na mti uliokuwa na mzinga wake wa kwanza wa nyuki. Hayo yote hatukuyajua, wala hatukujua kwamba hatuyajui. Basi mtu asiyekwenda yu katika hatari hii: kuheshimu sanamu ya mzazi iliyo moyoni mwake, na kudhani kwamba anamheshimu mzazi.

La tatu ni watoto. Sisi tuliozaliwa kijijini tunayo ya kukumbuka, hata tusipokwenda. Watoto wetu waliozaliwa mjini hawana. Kwao babu ni sauti iliyo katika simu, yenye kuuliza darasa la ngapi na kukatika. Tena kuna mambo ambayo kwa desturi zetu baba hawezi kumfundisha mtoto wake kwa urahisi, bali babu na bibi huweza, kwa kuwa wao wana ruhusa ya utani. Bibi humwambia mjukuu, Wewe ni mume wangu, mbona hukuniletea kitoweo? na katika kicheko hicho mtoto hujifunza kwamba yeye ni wa ukoo fulani, na kwamba kuna watu waliomngoja kabla hajazaliwa. Njia yenyewe pia ni darasa. Mtoto aliyepanda treni na kusoma majina ya vituo kwa macho yake, Morogoro, Kilosa, Dodoma, Manyoni, Itigi, mpaka Tabora, hataisahau nchi yake kama amsahauvyo yule aliyeyakariri kwa ajili ya mtihani. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme huenda kutoka Dar es Salaam mpaka Dodoma kwa muda wa saa chache, na huko mbele reli mpya inaendelea kujengwa. Udhuru wa umbali unazidi kuwa mfupi mwaka hata mwaka.

Hapa mtu aweza kutuuliza: Je, mwawahukumu wote wasiokwenda? Hasha. Wako wasioweza. Wako dada zetu wafanyao kazi katika nyumba za watu huko Oman na nchi nyingine za Ghuba, ambao wamefungwa na mkataba wa miaka, na kwa fedha yao wadogo zao wamesoma. Wako wagonjwa, na wako wenye mshahara ambao haufiki mwisho wa mwezi. Kutokuwapo kwao ni sehemu ya gharama waliyotoa kwa ajili ya ndugu zao, na anayewalaumu hana haki. Wala hatusemi kwamba kila afikaye amefanya jambo jema. Yuko aendaye ili viatu vyake vionekane, akakaa siku tatu barazani akipokea sifa, asijue kama mama ana kuni. Huyo afadhali angepeleka nauli yake. Neno letu twawaambia wale waliokuwa na udhuru zamani, na udhuru ukaisha, bali mazoea yakabaki.

Basi, ni ipi hukumu yetu? Twaona kwamba kuna madeni ya namna mbili. Deni la kwanza ni lile ambalo mtu yeyote aweza kulilipa kwa niaba yangu. Unga ulionunuliwa na ndugu yangu hushibisha sawasawa na ule nilionunua mimi, na bati halimjui aliyelilipia. Deni la namna hii fedha hulilipa vyema, nasi tuishukuru. Deni la pili ni lile ambalo mtu mwingine hawezi kulilipa. Mama akitaka kumwona mwanawe, hatosheki akiletewa mwana wa jirani. Fedha ni kitu kipitacho mikono yote, na kwa sababu hiyo haiwezi kulipa deni lililoandikwa kwa jina la mtu mmoja. Tena madeni haya hayana muda mmoja. Fedha ya mwezi huu ikichelewa, yaweza kwenda mara mbili mwezi ujao. Kufika kulikochelewa mno hukuta watu wamekaa matangani, na hapo nauli hupatikana upesi, na ndugu wote huja, isipokuwa yule waliyepaswa kumjia hayupo kuwapokea. Ndiyo maana wazee walisema, Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tukiisha kusema hayo, twatoa shauri, kwa kuwa mwalimu asiyetoa kazi ya kufanya hajamaliza somo lake. Nauli ya safari moja kwa mwaka itengwe tangu mwezi wa kwanza, kidogo kidogo, mbali na fedha ya matumizi ya wazazi, isiwe lazima kuchagua kati ya mahindi na safari katika saa ya mwisho. Jamaa wote wasipoweza kwenda, aende mzazi mmoja na mtoto mmoja, na mwaka ujao mwingine. Akifika, asikae barazani tu. Aende kisimani, aingie jikoni, aangalie paa, amwombe mama amsomee barua au amtungie uzi. Amwulize baba mipaka ya shamba na majina ya waliotangulia, na mtoto ayaandike katika daftari yake. Na arudipo kazini aendelee kupeleka fedha kama kwanza. Sasa ataipeleka akijua inakwenda kwa nani, na kwa haja gani.

Haya ndiyo mawazo yetu. Likizo ya Desemba haiko mbali, na aliye na wazazi walio hai aanze leo kuuliza bei ya nauli.