Hesabu ya Mwenye Duka

Enyi ndugu zetu wa pwani, mliohamia Tunduma katika Songwe kwa biashara! Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa alitoa Sahifa mwaka 1930, na Al-Islah mwaka 1932, wala hakutuficha aibu yetu: ya kuwa tumeiacha elimu, na binti zetu tumewanyima. Alifariki mwaka 1947, lakini lawama yake ingali hai. Tazameni hapa mpakani: mtu aijua bei ya kila mzigo uvukao kwenda Zambia, wala hajui bintiye amefika wapi katika masomo. Basi usiku huu, kabla hujahesabu fedha yako, jiulize: nyumbani mwangu nimemnyima nani elimu? Kesho Akhera utaulizwa. Wabillahi taufiki.