Hofu Si Heshima

Je, mtu anaweza kufundishwa kutoogopa? Swali hili hunijia kila nisikiapo kwamba chuo fulani kimeandaa semina ya kuwafundisha wafanyakazi wake kusemezana bila woga na kutobaguana. Hapa Morogoro tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, na njia ya Iringa kipo Chuo Kikuu Mzumbe. Kwa hiyo swali si la watu wa mbali. Katika chuo chochote linamgusa mhadhiri, karani wa masjala, fundi wa maabara, dereva, na mama anayefagia ukumbi wa mihadhara.

Semina za namna hiyo nilizopata kuhudhuria zilifanana kwa jambo moja. Waliofundishwa ujasiri walikuwa watu wa chini. Waliambiwa: semeni, toeni maoni, msiogope. Mkubwa alifungua semina, akapigiwa makofi, akaenda zake kwenye shughuli nyingine. Waliobaki walijifunza kusema. Aliyepaswa kujifunza kusikiliza hakuwapo.

Nadhani hapo ndipo penye kasoro. Chukua mfano wa fundi wa maabara aliyeona dosari katika takwimu za profesa, akanyamaza. Huyu si lazima awe mwoga. Pengine amepiga hesabu tu: mkataba wake unakwisha mwezi Juni, na anayependekeza uongezwe au usiongezwe ni profesa huyo huyo. Kumwambia awe jasiri ni kumtaka alipe kwa riziki yake deni lisilo lake. Wajibu wa kwanza wa kuondoa hofu ni wa yule mwenye uwezo wa kuadhibu.

Milima ya Uluguru, inayotutazama kila asubuhi, inatoa ushahidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Wataalamu walikuwa na elimu yao, na mmomonyoko ulikuwapo kweli. Lakini udongo wa juu wenye rutuba ni mwembamba huko. Kuchimba ngazi kulileta juu udongo usiofaa kitu. Wakulima walilijua hilo kwa mikono yao wenyewe, ila aliyekataa kuchimba alitozwa faini. Mwaka 1955 hasira ikalipuka huko Matombo, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Aliyejua hakusikilizwa, na aliyeamuru hakujua.

Yapo pia maelezo ya kitaalamu. Mwaka 1999 mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, alichapisha utafiti juu ya vikundi vya wafanyakazi, akaonyesha kwamba pale ambapo watu hawaogopi kuuliza au kukiri kosa, kikundi hujifunza zaidi na kazi huwa bora.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu, na kwamba sisi tuna desturi ya kuwaheshimu wakubwa. Ni kweli tunayo. Lakini tunao pia utani. Waluguru wanao baina ya ukoo na ukoo, na msibani mtani husema waziwazi yale ambayo ndugu wa marehemu hawathubutu kuyatamka, wala hakuna amshitakiye. Wazee wetu walijua kwamba jamii yenye heshima nyingi inahitaji mahali ambapo ukweli hauadhibiwi.

Hata hivyo, utani una sharti lake: anayetaniwa naye ana haki ya kujibu. Mkuu wa idara akimtania mhudumu juu ya ulemavu wake au kabila lake, na mhudumu hana la kufanya ila kucheka, huo si utani tena. Ni unyanyasaji, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaukataza.

Je, basi, mnyonge hana wajibu wowote? Hapa ndugu msomaji naona ugumu. Karani anayejua kwamba msichana anadaiwa mwili wake ili apewe alama, akakaa kimya, kimya chake kinamuumiza mtu mwingine aliye mnyonge kuliko yeye. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo, lakini sheria haifiki masjala kwa miguu yake. Nasema karani anao wajibu, ila wajibu hupimwa kwa uwezo. Asipoweza kusema hadharani, amwendee anayeweza. Na chuo kisichomwekea mtu huyo wa kuendewa kimekuwa mshirika wa kosa.

Kwa hiyo, mkubwa abaki katika semina hadi mwisho, aulizwe maswali na ajifunze kujibu bila kununa. Na mafanikio ya semina yasihesabiwe kwa vyeti wala kwa posho zilizolipwa. Baada ya miezi sita tumtafute mtu wa kwanza aliyesema jambo chungu katika kikao. Tuulize kama bado yuko kazini, kama amehamishwa bila sababu, kama wenzake bado hukaa naye wakati wa chai. Wenzake wamekwisha kumtazama, na kwa hilo wameamua kama watasema au watanyamaza.