Farasi Mzee Anatudai Nini?

Farasi aliyezeeka hutafuna nyasi kavu kwa muda mrefu, kisha huziachia zidondoke zikiwa donge lililolowa mate. Si ukaidi, meno yamekwisha kwa kusagika. Sasa anahitaji chakula kilicholowekwa hadi kilainike, na kwato zitazamwe mara kwa mara. Akiota manyoya marefu yasiyopukutika, aitwe daktari wa mifugo, maana huenda tezi ya pituitari imeharibika, na ugonjwa huo unaweza kumlemaza miguu. Yote hayo ni gharama, naye hafanyi kazi tena.

Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, alimlaumu Cato, kiongozi wa Roma, kwa kumwacha Hispania farasi aliyempanda vitani, ati serikali isilipie safari yake ya baharini. Nakubaliana na lawama hiyo kabisa. Mtu atasema deni huzaliwa na makubaliano, na mnyama hakukubaliana na yeyote. Ni kweli, na hapo ndipo uzito ulipo: aliyetumikishwa bila kuulizwa hawezi kudai, kwa hiyo wajibu wote unabaki kwa aliyekula jasho lake. Hoja ya maskini ni nzito zaidi. Mwenye watoto wenye njaa atamlishaje farasi asiyevuta mkokoteni? Huyo simlaumu, watoto hutangulia. Lakini hata yeye anaweza kumpunguzia mzigo mapema, na maumivu yasiyotibika yakifika, amwombe daktari amkatishie mateso badala ya kumfukuza akafie barabarani. Kumtunza si lazima kuwe kumrefushia uhai.