Ibrahimu wa Nyumba Tatu

Kila tarehe 9 ya Mfungo Tatu, mahujaji husimama katika uwanda wa Arafa, nje ya Makka, wanaume wakiwa na shuka mbili nyeupe zisizoshonwa. Tajiri na maskini hawatofautiki. Kesho yake ni Idd el-Hajj, na wanyama huchinjwa kwa kumkumbuka Nabii Ibrahimu, aliyekuwa tayari kumtoa mwanawe dhabihu.

Jirani Mkristo anakijua kisa hicho. Kimo katika Mwanzo, sura ya 22, na mwana huyo ni Isaka. Qurani, katika sura ya 37, haimtaji jina anapotolewa. Waislamu wengi husema ni Ismaili. Wayahudi nao hukisoma katika sikukuu yao ya mwaka mpya.

Mwalimu mwenye watoto wa dini mbalimbali darasani ana hazina hapo. Tofauti hiyo isifichwe. Waisome na kuulizana kwa adabu.

Kisha wafike kwenye nyama ya Idd. Kwa desturi iliyoenea, hugawanywa mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na majirani, na la maskini. Fungu la jirani halichagui dini: katika mitaa ya Dar es Salaam na Mombasa hufika pia kwa Wakristo, nao huwaalika Waislamu wakati wa Krismasi.